Pointi sita hazifanyi hoja

“Mheshimiwa mwenyekiti, katibu, mtunza muda, wapinzani wangu na wasikilizaji wote, nasimama kuunga mkono mada isemayo maisha ya kijijini ni bora kuliko maisha ya mjini.” Aliyesoma sekondari nchini Tanzania hahitaji kuambiwa kinachofuata. Pointi ya kwanza, hewa safi. Ya pili, chakula cha bei nafuu. Ya tatu, majirani kusaidiana. Wapinzani wanainuka na zao: hospitali, umeme, ajira. Makofi yanapigwa, kengele inalia, pointi zinahesabiwa. Hakuna aliyeuliza bora kwa nani, mzee aliyestaafu au binti anayetafuta kazi yake ya kwanza. Wala hakuna aliyeonyesha kwa nini hewa safi iishinde hospitali, au hospitali iishinde hewa safi.

Mdahalo wa shule una raha yake na sina nia ya kuubeza; umewafundisha wengi kusimama mbele ya watu bila kutetemeka. Ila mazoea yake tunayabeba hadi kwenye karatasi. Pita steshenari za Savei au Changanyikiwa usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi, pale wanafunzi wa Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wanapogombania printa, usome kinachotoka. Utakuta kurasa nane, pointi kumi na mbili, na hujui mwandishi anataka ukubali nini. Mambo yametajwa, hayajajengwa. Na tabia hiyo haiishii chuoni: iko kwenye barua za kuomba fedha za mradi, kwenye maandiko ya vyama vya siasa, kwenye safu za maoni magazetini.

Umbo la insha ya hoja linafahamika na sitalikalia: kichwa, utangulizi, kiini, hitimisho. Halina ubaya. Kosa ni kudhani kwamba ukijaza sehemu hizo nne umeshashawishi mtu. Kazi yenyewe inafanyika ndani ya kiini, na nyingine inafanyika kabla hujaandika neno.

Mnabishania nini hasa?

Nichukue mfano mmoja twende nao: tozo ya Daraja la Kigamboni jijini Dar es Salaam, ambalo rasmi linaitwa Daraja la Nyerere. Lilifunguliwa Aprili 2016. Lina urefu wa mita 680 juu ya mkono wa bahari wa Kurasini, na lilijengwa kwa ubia ambao Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF, ulibeba asilimia 60 ya gharama na Serikali asilimia 40. Mwenye chombo cha moto hulipia kuvuka. Mwaka 2022 viwango vilipunguzwa, lakini malalamiko hayakwisha. Ni mfano mzuri kwa sababu watu wenye akili timamu wanatofautiana juu yake, na hakuna upande ulio mjinga.

“Tozo ya Daraja la Kigamboni” ni mada. “Tozo ina faida na hasara” bado si msimamo, kwa kuwa hakuna binadamu atakayekupinga. Hata nyundo ina faida na hasara. “Tozo ni mbaya” ni msimamo, ila mpana kiasi kwamba hauna pa kushika. Sasa linganisha na huu: “Serikali iilipe NSSF sehemu ya gharama ambayo haijarudi, ili bodaboda, bajaji na daladala zivuke bure, na magari binafsi yaendelee kulipa.” Hapa kuna anayetakiwa kutenda, kuna kitendo, kuna mpaka. Na naweza kumwona kabisa mtu atakayesema hapana: mwanachama wa NSSF wa Mwanza ambaye hajawahi kukanyaga Kigamboni, au mlipakodi wa Songea anayeuliza yeye anaingiaje. Ukiandika msimamo na huwezi kumfikiria mtu mmoja mwenye heshima zake atakayeukataa, rudi nyuma. Bado una mada tu.

Kuna hatua nyingine ambayo watu huiruka, nayo ndiyo inayookoa insha nyingi. Hermagoras wa Temnos, mwalimu wa Kigiriki wa balagha, yaani sanaa ya kushawishi kwa maneno, wa karne ya pili kabla ya Kristo, alipanga maswali ambayo ubishi unaweza kusimama juu yake. Walimu wa uandishi wa siku hizi huyapanga takriban hivi. Je, jambo lipo au limetokea? Ni jambo la aina gani? Lina uzito gani, ni zuri au baya, haki au dhuluma? Na tufanye nini? Ukiyapeleka Kigamboni, swali la kwanza ni la hesabu: NSSF imeshakusanya kiasi gani? La pili ni la aina: tozo hii ni kodi, au ni bei ya huduma kama nauli ya pantoni? La tatu ni la haki, na la nne ni la hatua.

Kaa dakika kumi kwenye kijiwe chochote cha kahawa usikilize. Mmoja anazungumzia haki ya mkazi wa Kigamboni, mwenzake anajibu kwa hesabu za mkopo. Wa kwanza anarudi na uchungu zaidi, wa pili anarudi na tarakimu zaidi. Wanapishana tu, kila mmoja amesimama kwenye swali lake. Insha nyingi hufanya kosa hilohilo hata bila mtu wa pili: aya ya pili inajibu swali la haki, ya tatu inajibu la hesabu, ya nne imerukia hatua, na hakuna aliyetuambia ubishi umelalia wapi.

Tuna mfano mkubwa katika fasihi yetu wenyewe. Miaka ya 1970, Euphrase Kezilahabi na wenzake walipoanza kuchapisha mashairi yasiyofuata vina na mizani, wanamapokeo, yaani watetezi wa kanuni za jadi za ushairi, kama Saadani Kandoro waliwaka. Kwa juu juu ulionekana ugomvi wa uzuri, kwamba mashairi haya ni mazuri au mabovu. Chini yake ulikuwa ugomvi wa aina: vina na mizani ndiyo shairi lenyewe, au ni umbo moja kati ya maumbo ambayo shairi linaweza kuvaa? Anayesema “hili si shairi” hajajibiwa na anayesema “lakini lina fikra nzito”. Hata likiwa na fikra nzito namna gani, huyu wa kwanza anaweza kuliita nathari nzuri na kwenda zake. Ubishi ulipata mwanga pale walipotokea washairi wasomi kama Mulokozi na Kahigi kulishika swali la ni nini kinalifanya shairi kuwa shairi, na hapo hata wasiokubaliana walijua wasipokubaliana ni wapi.

Kwa hiyo kabla ya kuandika, jiulize umesimama kwenye swali lipi kati ya hayo manne. Ukitaka kufika kwenye la nne, la hatua, lazima upite kwenye yaliyotangulia, lakini si kwa uzito sawa. Kama wote tunakubaliana kwamba tozo ipo na watu wanalipa, usitumie ukurasa mzima kuthibitisha. Tumia sentensi moja, kisha nenda panapouma.

Kiungo kisichosemwa

Hapa ndipo ninapotaka tukae.

Mwaka 1958 mwanafalsafa Mwingereza Stephen Toulmin alichapisha kitabu kilichobadili namna watu wanavyofundisha hoja. Alikuwa amechoshwa na mantiki ya darasani, ile ya kila binadamu atakufa, Socrates ni binadamu, basi Socrates atakufa. Aliuliza watu hujengaje hoja mahakamani, au katika ubishi wa kawaida. Akaona vitu vitatu vya msingi. Kuna dai, yaani kile unachotaka nikubali. Kuna ushahidi, yaani ulichonacho mkononi. Na kuna kanuni inayokuruhusu kutoka kwenye ushahidi kwenda kwenye dai. Hiyo ya tatu mara nyingi haisemwi. Kwangu mimi ni kiungo. Toulmin aliongeza vingine: tegemeo la hiyo kanuni yenyewe, kiasi cha uhakika ulio nao, na mazingira ambamo dai lako halitasimama. Lakini ukishika vitatu vya kwanza umeshawapita wengi.

Tujaribu. “Dereva wa bodaboda wa Kigamboni anavuka daraja mara nyingi kwa siku, na tozo inakula sehemu ya anachopata. Kwa hiyo tozo ifutwe.” Ukisoma haraka inapendeza. Sasa itoe ile kanuni iliyojificha uiandike waziwazi: “Gharama yoyote inayompunguzia kipato mtu wa hali ya chini inapaswa kufutwa.” Hapo hapo msomaji ananyanyua mkono. Je, na petroli? Na bima? Na nauli ya daladala? Kanuni ni pana mno, inafuta nusu ya uchumi wa nchi. Mwandishi hakuona kwa sababu hakuiandika.

Kuiandika hakumaanishi kuacha hoja. Kunakulazimisha kuipunguza mpaka ifae: “Gharama ya kuvuka kwenda kwenye huduma ambazo mtu hawezi kuzipata upande wake isitegemee mfuko wake.” Hii ina watetezi. Lakini ona kilichotokea: ushahidi wako wa mwanzo, wa kipato cha bodaboda, hautoshi tena. Sasa unatakiwa kuonyesha kwamba kuna huduma za lazima ambazo mkazi wa Kibada au Tungi hana budi kuvuka kuzifuata, Muhimbili kwa mfano. Tena unatakiwa kujibu habari ya njia nyingine. Pantoni ya Magogoni ipo, ingawa nayo abiria hulipa. Barabara ya kupitia Kongowe na Mbagala ipo, haina tozo, ila ni mzunguko mrefu. Kiungo kilichosemwa kinakuambia ni ushahidi gani uende kuutafuta. Kisiposemwa, utaendelea kukusanya pointi bila kujua ipi inahitajika.

Hoja ya kufananisha ndiyo inayoficha kiungo chake kuliko zote. Watu wa Kigamboni wana swali lao kali: mbona Daraja la Tanzanite halitozwi? Lilifunguliwa Machi 2022, linatoka eneo la Hospitali ya Aga Khan hadi Coco Beach, na anayekwenda Oysterbay au Masaki anapita bure. Kanuni iliyopo chini ni kwamba mambo yanayofanana yatendewe sawa, na karibu kila mtu anaikubali. Kwa hiyo ubishi wote umehamia kwenye swali moja: yanafanana?

Mpinzani atasema hayafanani. Tanzanite ilijengwa kwa mkopo wa Korea Kusini pamoja na fedha za Serikali, wakati Kigamboni imemeza michango ya wafanyakazi, na fedha hiyo lazima irudi ili wastaafu walipwe mafao. Wengi wakifika hapo hunyamaza, au hupandisha sauti. Lakini usikimbie. Mkopo wa Korea unalipwa na nani? Na Hazina, yaani na kodi za Watanzania wote, akiwemo muuza genge wa Mjimwema, Kigamboni. Maana yake yeye analichangia daraja la Oysterbay kupitia kodi, kisha akipanda bajaji yake analipia la kwake mlangoni. Tofauti ya chanzo cha fedha, iliyoletwa kuibomoa hoja, imeigeuza kuwa kali zaidi kuliko ilivyokuwa. Inabaki kwa mpinzani kuonyesha kwa nini mzigo ugawanywe kwa wote upande mmoja na kwa watumiaji tu upande wa pili. Huenda anayo sababu. Lakini sasa tunabishana mahali penye maana.

Takwimu nazo hazijisemei. Sensa ya 2022 iliihesabia Dar es Salaam watu 5,383,728, na kati yao 317,902 walikuwa wilaya ya Kigamboni. Mwanafunzi anaandika: “Tozo inawaumiza watu 317,902.” Hapana. Ndani ya idadi hiyo kuna watoto wachanga, kuna wavuvi na wakulima wasiovuka kwa juma zima, kuna wanaotumia pantoni. Nje ya idadi hiyo kuna mwenye lori wa Tandika anayevuka kila siku. Idadi ya wakazi si idadi ya walipaji. Tena mpinzani anaweza kuichukua tarakimu ileile na kuigeuza: hao ni chini ya asilimia 6 ya wakazi wa jiji, kwa nini nchi nzima iwalipie? Tarakimu moja, madai mawili yanayopingana, kwa kuwa kila mmoja ameiunganisha na dai lake kwa kanuni tofauti. Ninapoona insha imesheheni asilimia bila sentensi hata moja inayoanza na “hii inaonyesha kwamba”, huwa najua mwandishi ametuachia sisi kazi yake.

Kuna aina ya ushahidi tunayoipenda sana kwa lugha yetu, nayo ni methali. Utangulizi wa insha ya Kiswahili bila “wahenga walisema” unaonekana uchi. Mimi nazipenda methali, lakini kama ushahidi zina kasoro moja kubwa: ghala lina kila kitu. Ukitaka watu wapunguze mwendo, haraka haraka haina baraka. Ukitaka waharakishe, ngoja ngoja yaumiza matumbo. Anayetetea tozo atakuambia cha bure ghali, na anayeipinga hatakosa ya kwake. Methali inafaa kuifanya hoja ikumbukwe baada ya kuthibitishwa, haithibitishi. Hali ni hiyohiyo kwa “Mwalimu alisema”. Nyerere alizungumza kwa miongo mingi, katika mazingira mengi, na kila upande wa kila mjadala nchini una nukuu yake ya kupeperusha. Ukimnukuu, tuonyeshe alikuwa akizungumzia nini na kwa nini hali ya wakati ule inafanana na hii. Bila hivyo umetumia jina lake kumzuia msomaji kuuliza.

Ngonjera na mpinzani wa kutengeneza

Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, ndiye aliyeipa ngonjera nguvu, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 ilienea mashuleni nchi nzima. Wahusika wanajibizana kwa beti. Mmoja hajaelewa siasa ya Ujamaa, mwingine anamwelewesha, na mwishoni yule wa kwanza anashukuru kwa kufunguliwa macho. Jukwaani inavutia, na kwa kazi iliyokusudiwa, kueneza mafunzo ambayo yameshaamuliwa, inafaa kabisa.

Kwenye insha ya hoja ni balaa. Mwandishi aliyeambiwa “onyesha pia maoni ya upande wa pili” hutengeneza mpinzani wa ngonjera: “Wapo wanaosema tozo ni nzuri kwa sababu hawajali maskini. Hao wamekosea.” Hakuna mtu aliyewahi kusema hivyo. Umempiga mtu uliyemchonga wewe, na msomaji anayeunga mkono tozo, ambaye ndiye uliyekuwa unamtaka, anafunga ukurasa kwa kuwa hajajiona mle.

Lugha yetu ina mila nyingine ya ubishi iliyo bora kwa kazi hii. Washairi wa Mombasa wa enzi za Muyaka, mshairi wa karne ya kumi na tisa, walijibizana na watu halisi, na baadaye magazeti kama Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, yakawapa washairi uwanja. Ukimjibu mtu hadharani namna hiyo, ukamsingizia asichosema, yeye yupo hai, ana kalamu, na wasomaji walishasoma shairi lake. Andika kana kwamba mpinzani wako atapata toleo lijalo.

Kwa vitendo ina maana hii. Mweleze mpinzani kwa maneno ambayo yeye mwenyewe angetia saini. Kisha mkubalie kile kilicho kweli. Kisha onyesha wapi hasa mnaachana. Mfano wa aya:

“Wanaotetea tozo wana jambo zito mkononi. Fedha iliyojenga daraja hili ni akiba ya uzeeni ya wafanyakazi, wengi wao wenye mishahara midogo, na mfuko ukiikosa, atakayeumia ni mstaafu. Kuifuta tozo kesho asubuhi bila mpango ni kumhamishia mzigo huyo mstaafu, na insha hii haipendekezi hivyo. Lakini hoja hiyo inathibitisha kwamba NSSF ilipwe. Haithibitishi kwamba anayepaswa kuilipa ni dereva wa bajaji wa Kigamboni. Mdeni anaweza kuwa Serikali, iliyokuwa mbia wa mradi tangu mwanzo na inayogharamia barabara nyingine za jiji bila kuwatoza wanaozitumia.”

Angalia kazi iliyofanywa na zile sentensi mbili, “inathibitisha” na “haithibitishi”. Hazikumtukana mtu wala kukanusha ukweli wake. Zimechukua kiungo cha mpinzani zikaonyesha kinafika wapi na kinakomea wapi. Nadhani hii ndiyo mbinu yenye nguvu kuliko zote katika uandishi wa hoja, na huwezi kuitumia kama hukumsikiliza kwanza.

Umweke wapi? Vitabu vingi vya darasani humweka aya moja kabla ya hitimisho, kama mgeni aliyechelewa. Sikubaliani navyo. Kama pingamizi ni lile ambalo kila msomaji analo kichwani tangu mstari wa kwanza, na kwa Kigamboni lipo (“fedha ya NSSF itarudije?”), lijibu mapema. Vinginevyo atasoma kurasa tatu akiwa anakungojea, na hatasikia unachosema. Pingamizi dogo lijibu pale linapozuka, kwa nusu sentensi.

Aristotle alisema msemaji hushawishi kwa njia tatu: kwa kuaminika kwake, kwa hisia za wasikilizaji, na kwa hoja yenyewe. Kuaminika kunatokana na mambo kama hayo tuliyoyaona, kukubali kilicho kweli hata kikiwa upande wa pili, na kutosema zaidi ya unachokijua. Hisia nazo zina nafasi. Mtu aliyenyimwa kivuko usiku akiwa na mgonjwa ana habari inayostahili kusikika, ikiwa ilitokea kweli na ikiwa inahusu tozo. Ikiwa umeitunga, au ikiwa kilichomchelewesha ni foleni, umewauza watu wa Kigamboni kwa machozi ya bei rahisi.

Sentensi zinazoficha

Kiswahili kina kauli ya kutendwa iliyo laini mno kwa anayetaka kujificha. “Iliamuliwa kwamba tozo iwepo.” Na nani? “Imeonekana kuwa wananchi hawaridhiki.” Ameona nani, wapi? Ukisoma rasimu yako, zungushia kila “inasemekana”, “imebainika” na “wataalamu wanasema”, ujilazimishe kuweka mtendaji. Mara nyingi utagundua hukuwa naye. Kadhalika “ni dhahiri kwamba” na “kila mtu anajua”: jambo likiwa dhahiri halihitaji kutangazwa, na huwa nayakuta maneno hayo mahali ambapo ushahidi ulipaswa kuwa.

Upande wa pili, usiogope “huenda”, “kwa kiasi kikubwa”, “isipokuwa”. Wengi wanadhani maneno hayo yanadhoofisha. Anayesema “tozo ndiyo iliyodumaza Kigamboni” ameweka dai ambalo mfano mmoja wa jengo jipya la Kibada utaliangusha. Anayesema “tozo ni moja ya mambo yanayowafanya baadhi ya wafanyabiashara wasite kuvuka” amejenga kitu kinachoweza kutetewa. Na epuka kutaja madhara makubwa ya mbali kana kwamba ni kesho: leo tozo, kesho njaa, keshokutwa machafuko. Kila hatua katika mnyororo huo inadai ushahidi wake.

Utangulizi, mwisho, na chumba cha mtihani

Utangulizi andika mwisho. Ukiuandika mwanzo utaanza na “tangu enzi za mababu binadamu amekuwa akivuka mito”, kwa kuwa bado hujui unachosema. Rasimu ikikamilika, msimamo wako wa kweli mara nyingi utaukuta kwenye aya ya mwisho. Ulifika pale kwa kuandika. Uchukue, uupandishe juu, kisha urekebishe aya zote zilizoandikwa kabla hujaujua. Wanafunzi wengi huishia rasimu ya kwanza kwa sababu wanaanza usiku wa mwisho, na hapo ndipo tunaporudi kwenye foleni ya printa.

Hitimisho usilitumie kurudia ulichosema kwa maneno mengine. Sema kinachofuata ikiwa msomaji amekubali. Kama Serikali ichukue deni, ianzie wapi? Pendekezo lisihusu nini? Ni taarifa gani ikitolewa hadharani, tuseme hesabu kamili za makusanyo ya daraja, ingekufanya ubadili msimamo? Sentensi ya namna hiyo ya mwisho huonekana mara chache sana katika insha zetu, na inaheshimisha.

Mtihani ni jambo jingine, na sitaki mtoto wa kidato cha nne anilaumu. Swali likisema “kwa hoja sita, jadili”, toa sita, tena zihesabike. Hilo halikuzuii kufanya yote haya kwa udogo. Tumia dakika chache za mwanzo kuandika msimamo wako pembeni kwa sentensi moja. Orodhesha mambo tisa au kumi, kisha futa yale yanayorudia mengine kwa nguo tofauti. “Ajira”, “kipato” na “uchumi” mara nyingi ni jambo moja lililohesabiwa mara tatu, na msahihishaji anaona. Kila aya iwe na dai, mfano wa mahali unapopajua, na sentensi moja ya kiungo inayoanza kwa “hii inaonyesha kwamba” au “kwa sababu hiyo”. Swali la kujadili likiruhusu, moja kati ya hizo sita iwe jibu kwa upande wa pili. Panga zile mbili nzito ya kwanza na ya mwisho. Na dai likae mwanzoni mwa aya, ili mtu mwenye rundo la karatasi mbele yake alione bila kulitafuta.